Je, Umwambie Roboti "Naomba"?

Miezi michache iliyopita, saa tano usiku, nilikuwa nagombana na kisanduku cha mazungumzo kwenye tovuti ya kampuni moja. Nilikuwa nimenunua bando la intaneti, pesa imekatwa, bando halijaingia. Nikaandika shida yangu. Likaja jibu: "Habari ndugu mteja, pole kwa usumbufu. Tafadhali tuma namba ya muamala." Nikatuma. Baada ya dakika kama tatu likaja jibu lile lile: "Tafadhali tuma namba ya muamala." Hapo nikachemka. Nikasema moyoni, hii ni roboti tu, inarudiarudia kama kasuku. Nikaandika kwa herufi kubwa: "WE BOYA HUJUI KUSOMA? NIMESHATUMA!"

Kukawa kimya. Kisha likaja hili: "Samahani kaka yangu. Nahudumia wateja wengine pia, ujumbe wako ulinipita. Nimeuona sasa."

Alikuwa mtu. Yuko zamu ya usiku, pengine ana umri kama wangu, pengine ni mwanafunzi anayetafuta ada. Nilimwomba radhi, akasema nisijali, bando likaingia, yakaisha. Lakini kuna swali moja halikuisha, na ndilo nataka tulitazame pamoja leo: kama kweli ingekuwa roboti, lile neno langu lingekuwa sawa?

Si mimi peke yangu ninayejiuliza. Aprili 2025 mtu mmoja kwenye mtandao wa X alitaka kujua OpenAI, kampuni yenye ChatGPT, inapoteza pesa kiasi gani za umeme kwa sababu watu wanaiambia mashine "tafadhali" na "asante". Mkurugenzi wa kampuni hiyo, Sam Altman, akajibu kwamba ni makumi ya mamilioni ya dola, na kwamba zimetumika vizuri, maana huwezi kujua. Hakuonyesha hesabu yoyote, na huenda alikuwa anatania nusu. Hata hivyo mjadala ukawaka. Wengine wakasema ni upotevu wa umeme, wengine wakasema ni utu.

Ukilichunguza vizuri, swali hili limebeba maswali mengine ndani yake. Mashine inafanya nini na adabu yako? Jibu linakuwa bora zaidi? Gharama yake ni ipi? Na wewe mwenyewe, na walio karibu yako, adabu hiyo au ukosefu wake unawafanya nini? Twende moja moja.

Neno "naomba" linapoingia kwenye mashine

Tuseme umeandika: "Naomba unisaidie kupanga ratiba ya kusoma." Programu haiioni sentensi hiyo kama wewe unavyoiona. Kwanza inaikata vipande vidogo vinavyoitwa tokeni. Tokeni inaweza kuwa neno zima, au silabi mbili tatu, au alama ya mkato. Maneno ya Kiingereza yaliyozoeleka mara nyingi huwa tokeni moja moja. Ya Kiswahili, yenye viambishi mbele na nyuma, mara nyingi hukatwa vipande zaidi, kwa sababu mifumo hii ilijengwa kwa maandishi mengi ya Kiingereza na machache ya kwetu.

Kila tokeni hugeuzwa kuwa orodha ndefu ya namba. Kisha modeli inapiga hesabu: baada ya tokeni zote hizi, ipi inaelekea kufuata? Inachagua moja, inaiongeza mwisho, inapiga hesabu upya. Hivyo hivyo mpaka jibu liishe. Yale maandishi unayoona yakijitokeza neno kwa neno kwenye kioo cha simu ni hesabu hiyo ikiendelea.

Kwa hiyo "naomba" yako inaingia kwenye hesabu kama neno jingine lolote. Hilo si jambo dogo. Modeli imejifunza kutokana na maandishi ya watu, na katika maandishi ya watu namna swali linavyoulizwa huwa inaendana na namna linavyojibiwa. Namba za mwanzo zikibadilika, jibu linaweza kubadilika pia.

Na ile adabu ya chatboti yenyewe, yale "samahani kwa usumbufu" na "swali zuri sana", inatoka wapi? Baada ya modeli kusoma maandishi mengi mno, inafundishwa hatua ya pili. Watu wanaolipwa kwa kazi hiyo husoma majibu mawili au zaidi ya swali moja na kuchagua lililo bora. Majibu yanayochaguliwa yanatumika kuisukuma modeli ijibu kwa mtindo huo. Mashine inasema "samahani" kwa sababu watu wengi, wakichaguliwa wachague, walilipenda jibu lenye upole.

Adabu inaleta jibu zuri?

Hapa ndipo watu wanatupiana maneno, kila mmoja akishika utafiti wake.

Mwaka 2024 kundi la watafiti nchini Japani lilipima jambo hili kwa lugha tatu: Kiingereza, Kichina na Kijapani. Waliandika maombi kwa viwango mbalimbali, kuanzia unyenyekevu wa juu hadi ufidhuli, wakaangalia majibu ya modeli tofauti. Waliona kwamba lugha ya kifidhuli mara nyingi ilishusha ubora wa majibu. Lakini adabu iliyopitiliza nayo haikuhakikisha jibu bora, na kiwango kilichofaa zaidi kilitofautiana kati ya lugha na lugha.

Mwaka uliofuata, watafiti wawili wa Penn State nchini Marekani wakapata karibu kinyume chake. Walichukua maswali 50 ya kuchagua jibu, kila moja wakaliandika kwa namna tano, kuanzia adabu nyingi hadi ukali mwingi, jumla 250. Wakampa modeli ya ChatGPT-4o. Kwa adabu nyingi ilipata asilimia 80.8. Kwa ukali mwingi ilipata asilimia 84.8. Habari ikasambaa mtandaoni: eti tukana mashine upate jibu sahihi!

Ngoja kwanza. Tofauti ya asilimia 4 katika maswali 50 ni maswali mangapi? Mawili. Kwa wastani, ukali uliongeza maswali mawili kati ya 50, kwenye modeli moja, kwa lugha moja. Wenye utafiti wenyewe walisema wazi kwamba hawapendekezi watu wajenge mazoea ya kutumia lugha ya matusi. Ukiona kichwa cha habari cha namna hii, jizoeze kuuliza: maswali mangapi, modeli ipi, lugha gani?

Na Kiswahili je? Hakikuwamo katika tafiti hizo mbili. Halafu kwetu adabu haikai kwenye neno moja. Mtu wa Kiingereza huongeza neno lake la heshima mwanzoni au mwishoni, kazi imeisha. Sisi adabu yetu iko ndani ya kitenzi. "Lete maji" ni amri. "Niletee maji" imepoa kidogo. "Naomba uniletee maji" ndiyo lugha ya watu, hata kama neno "tafadhali" halijatajwa kabisa. Na kabla ya hayo yote kuna salamu. Shangazi yangu nilipomwekea chatboti kwenye simu yake, ikamwandikia "Habari! Nikusaidie nini leo?" Shangazi akanuna. "Mbona haiamkii?" Kwake yeye kitu kilichoanza kuongea na mtu mzima bila shikamoo kilikuwa kimekosa malezi, kiwe mashine kisiwe mashine.

Jambo moja nimeliona katika matumizi yangu mwenyewe, nawe unaweza kulijaribu leo. Linganisha maombi haya mawili:

"Usanisinuru. Eleza."

"Naomba unieleze usanisinuru kwa lugha ya mwanafunzi wa kidato cha pili, utumie mfano wa mhindi shambani."

La pili litakupa jibu bora karibu kila mara. Je, ni kwa sababu ya "naomba"? Sidhani. Ni kwa sababu limetaja msomaji ni nani, kiwango gani, na mfano upi. Lakini ukianza na "naomba", Kiswahili chenyewe kinakulazimisha uendelee: unaomba nini, kwa ajili ya nani? Sentensi inakuwa nzima. Ukianza na amri kavu unaishia njiani. Kwa maoni yangu sehemu kubwa ya faida inayodaiwa kuwa ya adabu ni faida ya kuongea kwa ukamilifu. Kama shida yako ni jibu zuri tu, basi weka nguvu kwenye ufafanuzi, sio kwenye kubembeleza.

Umeme wa "asante"

Turudi kwenye ile bili ya Altman. Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba ombi la kawaida la maandishi kwa Gemini linatumia takriban wati-saa 0.24 za umeme. Altman naye, Juni mwaka huo huo, alitaja wati-saa 0.34 kwa ombi la wastani la ChatGPT. Hizi ni namba za kampuni zenyewe kuhusu bidhaa zao, kwa hiyo zichukue kwa tahadhari, lakini zinatupa pa kuanzia.

Wati-saa 0.24 ni kitu gani? Chukua balbu ya LED ya wati 9, zile za sebuleni. Kiasi hicho kingeiwasha kwa sekunde 96, yaani dakika moja na nusu hivi. Kwako wewe ni kidogo mno. Kwa mamia ya mamilioni ya watu, kila siku, inakuwa mzigo, na vituo vya data vinahitaji pia maji na mitambo ya kupoza joto.

Sasa angalia tofauti hii. Ukiweka "naomba" ndani ya swali lako, umeongeza tokeni chache tu kwenye hesabu ambayo ingepigwa vyovyote vile. Lakini ukisubiri jibu, halafu ukatuma "asante" peke yake, umeanzisha zamu mpya: modeli inapokea ujumbe, inayazingatia mazungumzo yaliyotangulia, inaandika "Karibu sana! Kama una swali lingine..." Umeme mwingi wa adabu uko hapo. Kwa hiyo kama unajali mazingira, weka adabu yako mwanzoni na uiache "asante" ya peke yake. Na kama unajali sana, punguza kuomba picha na video za mzaha, maana hizo ndizo zenye njaa kubwa zaidi ya umeme.

Sisi tumeumbwa kuongea

Mpaka hapa nimeizungumzia mashine. Upande unaonishangaza zaidi ni wetu.

Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT nchini Marekani alitangaza programu aliyoiita ELIZA. Ilikuwa ndogo sana ukilinganisha na za leo. Ilitafuta maneno fulani katika sentensi yako na kukurudishia swali. Ukiandika jambo kuhusu mama yako, inakuomba usimulie zaidi kuhusu familia yako. Haikuwa na zaidi ya hapo. Lakini Weizenbaum alisimulia kwamba katibu wake, aliyekuwa amemwona akiitengeneza programu hiyo kwa miezi, alipoanza kuongea nayo alimwomba yeye Weizenbaum atoke chumbani. Alitaka faragha. Jambo hilo lilimsumbua Weizenbaum kiasi kwamba mwaka 1976 aliandika kitabu kizima cha kuonya watu wasiikabidhi kompyuta kazi zinazohitaji hekima ya binadamu.

Miaka ya 1990, Clifford Nass na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford wakaenda mbele zaidi. Waliwapa watu kazi ya kujifunza kitu kwenye kompyuta, kisha wakawauliza kompyuta hiyo imefanya kazi vizuri kiasi gani. Baadhi waliulizwa na kompyuta ile ile. Wengine waliulizwa na kompyuta nyingine, na wengine walijaza karatasi kwa kalamu. Walioulizwa na kompyuta ile ile waliisifu zaidi. Walikuwa wanaionea haya! Na walipoulizwa kama waliionyesha adabu mashine, walikataa katakata.

Ni kama umekaribishwa chakula, mama mwenye nyumba anakuuliza "pilau limekuwaje?" ukiwa bado unatafuna. Utasema tamu. Kesho yake jirani akikuuliza, utasema chumvi ilizidi. Adabu ile si uongo hasa. Ni mazoea ya kulinda uso wa mtu, na mazoea hayo yanajiwasha yenyewe hata mbele ya kitu kisicho na uso.

Kwa hiyo mtu akikucheka kwa kuiambia mashine asante, usione haya. Kwa muda wote wa historia ya binadamu, kitu pekee kilichotujibu kwa sentensi kilikuwa ni binadamu mwingine. Ajabu ingekuwa tusijisikie chochote.

Watoto wanasikia nini

Hofu kubwa ya wazazi ni kwamba mtoto akizoea kuiamrisha simu atawaamrisha watu. Kampuni zilishalisikia hilo: mwaka 2018 Amazon na Google zote zilitoa kipengele kwa watoto ambacho spika inamsifu au kumshukuru mtoto anapoomba kwa adabu.

Hoja hii ina ukoo mrefu. Katika karne ya 18 mwanafalsafa Immanuel Kant alifundisha kwamba anayewatendea wanyama ukatili huwa mgumu pia kwa watu. Wahenga wetu walilisema kwa njia yao: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini je, mazoea ya mashine yanahamia kwa watu kweli?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, jijini Seattle, walilipima hili kwa familia 22 zenye watoto wa miaka 5 hadi 10. Watoto waliongea na mhusika wa katuni kwenye kioo. Kila alipoanza kuongea polepole, walifundishwa kumwambia "bungo" ili aongeze kasi. Kwetu bungo ni tunda lenye juisi tamu; kwao lilikuwa neno lisilo na maana yoyote, na ndiyo sababu walilichagua. Baadaye wazazi wakaanza kuongea polepole makusudi. Watoto wengi wakawaambia wazazi wao "bungo!", mara nyingi kwa kucheka, kama utani wa nyumbani. Lakini mtafiti, ambaye ni mgeni kwao, alipoongea polepole, ni wachache tu waliomwambia hivyo.

Maana yake ni kwamba tabia inaweza kuhama kutoka kwenye mashine kwenda kwa watu, lakini watoto si kanda za kurekodia. Wanachagua wamwambie nani. Wanamwambia yule waliyemzoea, ambaye wanajua hatawakasirikia.

Hapo ndipo nami nikawaza. Katika nyumba zetu nyingi, nani amezoeleka kiasi kwamba mtoto anaona anaweza kumwambia lolote? Dada wa kazi. Yeye tayari anaamrishwa kutwa: lete, toa, pika, nyamazisha mtoto. Utafiti ule haukuwa unazungumzia nyumba zetu, na sitaki kuulazimisha useme usichosema. Lakini kama mtoto akijifunza kutoka kwenye simu kwamba sauti ya kike iliyotulia haihitaji "naomba", mtu wa kwanza wa kuumizwa ndani ya nyumba hatakuwa baba wala mama. Mwaka 2019 UNESCO ilitoa ripoti ikilalamikia jambo la karibu na hili: wasaidizi wa sauti wengi walipewa sauti za kike kama chaguo la kwanza, na walijibu hata matusi kwa upole na unyenyekevu.

Watu walio nyuma ya kioo

Kuna watu wengine tunaowasahau. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kuhusu vijana wa Nairobi waliofanya kazi kwa kampuni ya kandarasi kwa ajili ya OpenAI. Kazi yao ilikuwa kusoma maandishi ya kutisha, ya ukatili na udhalilishaji, na kuyawekea alama, ili mfumo ujifunze kuyatambua na kuyazuia. Walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Baadhi walisimulia jinsi kazi hiyo ilivyowaumiza akili.

Kwa hiyo ile lugha safi unayoipata unapofungua chatboti haikushuka kutoka mbinguni. Sehemu yake ilitengenezwa na Waafrika Mashariki waliokaa kutwa wakisoma uchafu ili wewe usiuone. Kuiambia mashine "asante" hakutawafikia. Kinachoweza kuwafikia ni sheria za kazi, mikataba na mishahara. Mtu anayeibembeleza chatboti lakini hajali nani anaifundisha, na kwa ujira gani, ameielekeza adabu yake mahali pasipo na mtu.

Na kuna yule wa zamu ya usiku niliyemtukana. Siku hizi kisanduku kimoja cha mazungumzo kinaweza kuanza na roboti, kikakukabidhi kwa mtu katikati, bila wewe kuona mshono. Roboti zinaandika vizuri kama watu, na watu wanaagizwa kuandika kwa sentensi zilizopangwa kama roboti. Huwezi kuwa na uhakika. Ukirusha jiwe gizani ukisema "pale hakuna mtu", siku moja utasikia kilio.

Lakini usiiamini kwa sababu ni pole

Wapo wanaopinga, na hoja yao ina uzito. Wanasema ukiizoea kuiheshimu mashine utasahau ni mashine. Utaiita rafiki, utaimwagia siri zako, utaamini ushauri wake wa afya kuliko wa daktari. Weizenbaum aliliogopa hilo miaka ya 1960, na leo mashine zina ulimi mtamu mara elfu kuliko ELIZA.

Ulimi huo nao una hatari yake. Aprili 2025 OpenAI ililazimika kuondoa toleo jipya la modeli yake ya GPT-4o siku chache tu baada ya kulitoa, kwa sababu lilikuwa limezidi kujipendekeza. Lilisifu karibu kila wazo la mtumiaji, hata mawazo mabaya. Kumbuka nilivyoeleza hapo juu: mashine husukumwa kuelekea majibu ambayo watu wanayapenda. Na sisi watu tunapenda nini? Kuambiwa tuko sahihi. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, wanasema wahenga. Hapa kuna chombo kinachotupa maneno mazuri kila saa, na nyoka anayetolewa pangoni ni sisi.

Wengine wanauliza kutoka upande wa pili kabisa: itakuwaje kama siku moja mashine hizi zitaweza kuumia kweli? Agosti 2025 kampuni ya Anthropic iliziwezesha baadhi ya modeli zake za Claude kufunga mazungumzo yanapokuwa ya matusi na yasiyokoma, huku ikisema haina hakika kama modeli hizo zina hali yoyote ya kujaliwa. Mjadala huo haujaisha, na sioni haja ya kuusubiri uishe ndipo nijue namna ya kuongea.

Kwa sababu kwetu kuheshimu na kuamini ni vitu viwili tofauti, na tunavitenganisha kila siku. Ukipita njiani unamsalimu kila mtu, hata usiyemjua. "Habari za asubuhi?" "Nzuri." Salamu haikupunguzii kitu. Lakini mtu huyo huyo uliyemsalimu akikuuliza namba yako ya siri ya kutolea pesa, humpi. Hakuna mtu anayekuona una roho mbaya kwa kumnyima. Chatboti iweke hapo hapo: msalimiwa wa njiani.

Sasa, wewe ufanye nini?

Ukikaa mbele ya mashine leo, haya ndiyo ninayokushauri:

Andika sentensi nzima. Anza na "naomba", kisha sema unachotaka, kwa ajili ya nani, kwa kiwango gani. Jibu litakuwa bora, na ulimi wako utabaki kwenye mazoea yake.

Adabu iweke ndani ya swali. "Asante" ya peke yake si lazima, na ukiiacha hujamkosea mtu.

Mbele ya watoto, ongea na mashine kama ungependa waongee na dada wa nyumbani. Halafu, na hili ndilo kubwa zaidi, ongea na dada mwenyewe hivyo hivyo.

Ikikukera, iambie kosa lake waziwazi: "Jibu hili si sahihi, sheria hiyo ilibadilishwa." Kukosoa si utovu wa adabu. Wengi wetu, kama wale wa Stanford, tunaionea haya mashine tunakubali jibu bovu. Usilikubali.

Ikikusifu, punguza sifa hizo kwa nusu, kisha muulize mtu.

Na kwenye kisanduku chochote cha huduma kwa wateja, andika ukijua kwamba huenda upande wa pili kuna mtu.

Wiki iliyopita bando langu liligoma tena. Nikafungua kisanduku kile kile, saa zile zile za usiku. Nikaandika: "Habari za usiku. Naomba msaada, nimelipia bando na halijaingia. Namba ya muamala ni hii hapa." Baada ya dakika mbili likaja jibu: "Habari ndugu mteja. Pole sana. Nalishughulikia." Likaingia. Nikafunga simu nikalala. Mpaka leo sijui kama alikuwa mtu.